Kompyuta ya Picha: Jua Kila Kitu Kilipo



Ukienda Kahama, Geita mjini au Katoro kupiga picha ya kubandika kwenye fomu, siku hizi ni nadra kuona chumba cha giza na maji ya dawa. Mpiga picha anakaa mbele ya kompyuta, na uso wako uko pale kwenye kioo. Wengine wenu mnataka kuifanya kazi hiyo. Lakini mkifungua programu ya kutengeneza picha mnaona alama nyingi mno, mnaogopa.

Tuchukue programu iitwayo GIMP, kwa sababu hailipiwi. Ilianzishwa na wanafunzi wawili huko Marekani, na watu wakaanza kuipata mwaka 1996.

Kioo chake ni kama banda la seremala. Katikati ni meza, hapo ndipo picha inapolala. Kushoto ni sanduku la zana: kisu, brashi, kifutio. Ukigusa zana moja, kwa kawaida vipimo vyake vinatokea chini ya sanduku, kwa mfano unene wa brashi. Juu kabisa kuna mstari wa maneno ya Kiingereza. Usihangaike kuyakariri yote. Anza na mawili tu: "File" ni mlango wa kuingiza na kutoa picha, na "Image" ni mahali pa kubadili ukubwa wake.

Kulia kuna matabaka. Haya ndiyo yanayowasumbua wengi. Fikiria karatasi tatu za nailoni zinazopitisha mwanga, zimepangwa moja juu ya nyingine. Wewe unaona picha moja, lakini kalamu inaandika kwenye ile karatasi uliyoishika tu. Basi mtu anapaka rangi, rangi haionekani, anasema kompyuta imeharibika. Wala haijaharibika! Amechagua tabaka lingine. Au alizungushia mstari sehemu moja ya picha akasahau, na sasa brashi inafanya kazi ndani ya mstari ule tu.

Chini ya picha kuna namba ya asilimia. Ukiibadili, ni kama kusogeza gazeti hili karibu na macho. Picha yenyewe haikui.

Je, ukitaka kubadili ukubwa wenyewe? Fungua "Image", halafu "Scale Image". Utaona upana na urefu, na pembeni yake kimnyororo. Kitazame hicho kwanza. Kikiwa kimeungana, upana na urefu vinakwenda pamoja. Kikiwa kimekatika, ukabadili kimoja tu, uso unavutika. Mama aliyelipa nauli kutoka kijijini anarudi na sura ya mtu mwingine, na karani anaweza kuikataa fomu yake.

Ukikosea hatua, bonyeza Ctrl na Z kwa pamoja, hatua hiyo itafutika.

Kuhifadhi kuna njia mbili. "Save" inatunza kazi pamoja na matabaka yake ili uendelee kesho. "Export As" inatoa picha ya kawaida, ile ya kuchapa au kutuma kwa simu. Ipe jina jipya. Lakini neno "Overwrite" uliogope, maana linaweka kazi yako mahali pa picha ya kwanza, na ukishafunga programu ile ya kwanza huipati tena. Mwenye sura akiwa ameshapanda basi la kurudi kwao, utampiga nyingine saa ngapi?