Likizo, joto na runinga: Nani anakaa na mtoto?

 

Ndugu zetu Waislamu, kila ufikapo mwezi wa Desemba shule hufungwa, kaskazi huanza kuvuma na joto la Pwani huzidi. Hapa Dar es Salaam, kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, mtoto hawezi kucheza nje kwa raha. Hubaki ndani, na ndani kuna runinga. Hapo sisi wazazi hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaoizima na kuificha rimoti mpaka shule zifunguliwe, na wapo wanaoiwasha asubuhi wakaisahau mpaka usiku. Leo tunapenda kuyazungumzia makosa ya makundi yote mawili, na hatutakwenda mbali kutafuta mfano, kwani sisi wenyewe tumo.

Katika likizo moja tulikuwa wa kundi la kwanza. Tuliifungia runinga kabatini tukajiona tumeihifadhi nyumba yetu. Siku chache baadaye, adhana ya Magharibi ikaadhiniwa na kijana wetu wa miaka tisa hayumo ndani. Tulimkuta katika kibanda umiza, mtaa wa pili, amebanwa katikati ya watu wazima gizani, akitazama filamu ya risasi na damu na mambo mengine ambayo kalamu inaona haya kuyaandika. Na Mtume (S.A.W.), katika Hadithi iliyopokewa na Jabir (R.A.) na kutajwa na Bukhari na Muslim, ametuamrisha tuwazuie watoto wetu ndani usiku unapoingia, kwa kuwa huo ni wakati wa kutawanyika mashetani. Tulirudi nyumbani tukiwa na hasira, lakini mama yao alitunyamazisha kwa neno moja. "Baba watoto," alisema, "mlango wa nyumbani umeufunga wewe. Alikuwa apite wapi?"

Dini haikukataza faraja

Tulilitafakari neno lile kwa siku kadhaa. Je, Uislamu unamtaka mtu awe katika ibada na kazi tu, asipate cha kuliwaza moyo wake? Jawabu tunalipata katika kisa cha Hanzala (R.A.), kilichopokewa na Muslim. Sahaba huyu alijihofia unafiki, kwa sababu akiwa mbele ya Mtume (S.A.W.) aliikumbuka Pepo na Moto kana kwamba anaviona kwa macho, lakini akirudi kwa mkewe, watoto na mali yake, alisahau mengi. Mtume (S.A.W.) alimweleza kwamba lau wangebakia daima katika hali ile, Malaika wangepeana nao mikono vitandani mwao na njiani, lakini kuna saa ya hili na saa ya lile.

Aidha, Bukhari na Muslim wamepokea kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa mikuki yao msikitini, naye akapenda kuwatazama. Mtume (S.A.W.) hakumfukuza, wala hakumwacha atazame peke yake. Alisimama akamsitiri kwa shuka yake, akangoja mpaka Bibi Aisha alipotosheka mwenyewe. Tuizingatie hali hiyo: Mtume wa Allah, mwenye mzigo wa umma mzima, amesimama kwa sababu mtu wa nyumbani mwake anataka kutazama mchezo.

Hata masimulizi yenyewe yana nafasi yake katika kuupa moyo nguvu. Katika Suratu Hud, aya ya 120, Allah (S.W.) anamweleza Mtume wake kwamba visa vya Mitume waliotangulia amesimuliwa ili moyo wake uthibitike. Hatusemi kwamba filamu ni sawa na visa vya Qur'ani, tunamuomba Allah atuepushe na kusema hivyo. Tunachosema ni kwamba moyo wa mwanadamu umeumbwa ukipata utulivu kwa kusikia habari za wengine waliofikwa na mtihani wakasubiri.

Ni kweli kwamba wanazuoni wamekhitilafiana katika mambo ya picha na muziki, na kila mmoja amuulize mwanachuoni anayemwamini. Lakini kwa wanaoruhusu, mipaka inajulikana. Kisiwepo cha kufedhehesha macho, kwani Suratun-Nur imetuamrisha kuyainamisha. Sala isicheleweshwe. Na Mitume wasiigizwe. Ndiyo maana Moustapha Akkad, alipotengeneza filamu ya The Message mwaka 1976, hakumwonyesha Mtume (S.A.W.) wala hakuisikilizisha sauti yake, na filamu hiyo ikaingia katika nyumba nyingi za Waislamu.

Sukari ya msikiti

Basi tuliitoa runinga kabatini. Ndugu yetu mmoja, mwalimu wa sekondari, alitushauri tuanze na filamu ya Kiirani iitwayo Children of Heaven, iliyotengenezwa na Majid Majidi mwaka 1997. Tuliiwasha baada ya sala ya Adhuhuri, tukijua ingemalizika kabla ya Alasiri. Maneno yake ni ya Kifarsi, na tafsiri iliyoandikwa chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo ilitulazimu tukae na watoto tuwasimulie kwa Kiswahili. Tuliona hilo kuwa usumbufu. Sasa tunaona lilikuwa ni rehema.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mtoto wa maskini, Ali, anavipoteza viatu vya mdogo wake Zahra vilivyotoka kushonwa. Baba yao hana uwezo wa kununua vingine, basi watoto wanaficha siri na kutumia jozi moja ya raba: Zahra anavivaa asubuhi, kisha anakimbia kumkabidhi kaka yake aende shule mchana. Hakuna risasi wala tusi. Watoto wetu walitulia tuli.

Katika filamu hiyo, baba anaonekana akivunjavunja mabonge ya sukari ya msikiti. Binti yake anamletea chai isiyo na sukari. Anapoulizwa, anashangaa: sukari si hiyo tele mbele yako? Baba anamweleza kwamba ile ni ya msikiti, wao wamekabidhiwa tu. Tuliwatafsiria watoto maneno hayo kwa sauti ya mahubiri.

Binti yetu wa miaka saba akageuka. "Baba, kwani hii feni si ya madrasa?"

Ndugu msomaji, ilikuwa ni ya madrasa. Ilinunuliwa kwa michango ya wazazi. Sisi tu katika kamati na ufunguo tunao. Madrasa ilipofunga tuliichukua, tukijiambia kwamba kule haina kazi na huku joto ni kali. "Tumeiazima," tulijibu. Akauliza tena, bila ubaya wowote: "Umemwomba nani?"

Hatukuwa na jibu. Suratun-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Aya hiyo tumeihubiri mara nyingi, huku feni ikitupepea. Baada ya Alasiri tuliibeba begani tukaifikisha kwa ustadhi na kumweleza kila kitu. Alicheka, akasema tungemwambia angetuachia mwezi mzima. Lakini kosa letu lilikuwa ni hilo hilo, hatukumwambia. Usiku ule tulilala madirisha wazi, kwa jasho na kwa moyo mwepesi.

Tulichojifunza

Kwanza, mzazi achague mapema kitakachotazamwa, asiuachie mkono wa mtoto au wa mtangazaji. Pili, adhana ikiadhiniwa runinga izimwe, hata kama shujaa yuko ukingoni mwa mto. Tatu, na ndilo kubwa, mzazi akae. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga akilala, hata malisho mazuri hayamnusuru mnyama. Na akikaa, huenda akachungwa na yeye, kama tulivyochungwa sisi na mtoto wa miaka saba.

Tunamuomba Allah (S.W.) azifanye nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, awahifadhi watoto wetu na atusamehe tuliyochukua bila idhini. Amin. Wallahu a'lam.