Sh100 ya mafuta yafika hadi jikoni Lugoba

Bajeti ya Serikali inaposomwa Dodoma kila Juni, wengi husikilizia bei ya bia na sigara. Kwa kaya za Lugoba, mkoani Pwani, mzigo mkubwa zaidi huja kwa barabara ya Chalinze–Segera.

Mwaka 2021 tozo ya petroli na dizeli iliongezwa Sh100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini. Mwaka 2023 ikaongezwa Sh100 nyingine kwa miradi ya kimkakati. Kwa lori linalotumia lita 150 kwa safari, nyongeza hizo mbili ni Sh30,000. Mwenye lori huzihamishia kwenye nauli ya mzigo. Mfanyabiashara naye humpunguzia mkulima bei ya mazao, na sabuni dukani hupanda. Mkulima hukatwa mara mbili: anapouza na anaponunua.

Bajeti ya 2023 pia iliweka ushuru wa Sh1,000 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Mifuko 60 ya kumalizia nyumba ikahitaji Sh60,000 zaidi.

Barabara ikipitika masika, mazao hayaozi shambani. Lakini faida hiyo huchukua miaka, makato huanza Julai mosi. Ni vyema kaya ipige hesabu hizo kabla ya kuuza gunia la mwisho.