Bui ya Bordeaux: kosa iko kwenye ndoo

Wandugu wanamemba, mvua ikizidi mildiu inaingia katika tomati na viazi, na kwa siku chache shamba linakuwa kama limepitiwa na moto. Wengi wetu tunatengeneza bui ya Bordeaux. Kisha naitwa: "Agronome, dawa yako imeunguza majani!" Mara nyingi kosa haiko kwa dawa, iko kwenye ndoo.

Sulfati ya shaba ni vitu viwili vilivyoshikana: shaba na sulfati. Chokaa iliyozimwa nayo ni kalsiumu na hidroksidi. Fikirini watu wawili wanaokutana njiani na kubadilishana mizigo. Shaba inachukua hidroksidi, kalsiumu inachukua sulfati. Hidroksidi ya shaba haiyeyuki katika maji. Ndiyo ule unga wa rangi ya mbingu mnaouona. Inakamata juu ya jani, inatoa shaba kidogo kidogo, na ugonjwa unashindwa kuota. Lakini shaba ambayo haikupata wa kubadilishana naye inabaki imeyeyuka, inaingia ndani ya jani na kuliunguza.

Kwa litre 10 za maji, tunatumia gramu 100 za sulfati ya shaba na gramu 100 za chokaa iliyozimwa. Yeyusha kila moja peke yake katika litre 5, ndani ya ndoo ya plastiki. Mimina maji ya shaba polepole ndani ya maji ya chokaa ukikoroga, usigeuze. Chuja na kitambaa, usizibe pompi.

Kabla ya kupulizia, chovya msumari safi kwa dakika moja. Ukitoka mwekundu, shaba ingali huru: ongeza chokaa, jaribu tena. (Hapo chuma inamfukuza shaba na kukaa nafasi yake, sababu hiyo ndoo ya chuma hatuitaki.)

Puliza siku ileile, mbele ugonjwa haujaingia. Jani ambalo limekwisha kuoza, bui haitalirudisha. Vaa gants, na tomati zioshwe vizuri mbele ya kula.

Na ile chokaa ya mwaka jana iliyobaki wazi katika depo? Imekunywa hewa, imeanza kurudi jiwe. Kwenye mizani inatimia gramu 100, lakini nguvu haina. Wanaolalamika kwamba majani yanaungua, wengi nimewakuta na mfuko wa namna hiyo. Nunueni kidogo, mfunge kabisa.