Mpira wa Kikapu Sekondari: Nini Humfanya Kijana Afanikiwe?



Katika ziara zetu Mandawa, wilayani Ruangwa, na katika sharika za upande wa Nachingwea, wazazi wametuuliza mara kwa mara: je, mtoto wa huku anaweza kufika mbali kwa mpira wa kikapu? Jibu letu ni ndiyo, ila kwa masharti ambayo kamati za sharika zinapaswa kuyafahamu kabla ya kuchangisha fedha za goli.

Kimo peke yake hakitoshi

Mfano wetu Watanzania ni Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam. Alianza kikapu akiwa na umri wa takriban miaka 15. Baadaye alisoma sekondari Marekani, akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, akiwa mchezaji wa pili kuchaguliwa mwaka huo. Ana kimo cha meta 2.21. Hata hivyo, katika misimu yake 5 ya NBA, hadi 2014, mara nyingi alianzia benchi. Kama kimo kile hakikumhakikishia namba, basi kijana wetu ategemee zaidi kujifunza misingi.

Misingi yenyewe

Kwanza, kudunda mpira kwa mikono yote miwili bila kuutazama. Pili, kutoa pasi na kupokea. Tatu, kutupa: magoti yakunjwe kidogo, kiwiko kikae chini ya mpira, kiganja kimalizie kwa kuinama kuelekea goli. Mwanafunzi aanze karibu na goli, asogee nyuma pale tu anapofunga bila kubahatisha. Nne, ulinzi, ambao hauhitaji kipaji kikubwa bali miguu myepesi na bidii. Nusu saa kila siku inafaa kuliko saa nne za Jumamosi moja.

Shule kwanza

Njia ya kawaida ya kuonekana ni UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari yanayopanda kutoka ngazi ya chini hadi mkoa na taifa. Anayeacha shule anajifungia mlango huo. Hata vyuo vya Marekani vinavyotoa ufadhili kwa wachezaji huangalia matokeo ya darasani. Kwa hiyo utoro wa msimu wa ufuta au korosho humgharimu mchezaji mara mbili. Wazazi wajihadhari pia na mtu anayeahidi kumpeleka mtoto ng'ambo huku akidai fedha mapema.

Tulichojifunza

Nasi tulikosea. Katika usharika mmoja tulipeleka mpira na goli kabla ya kumpata msimamizi. Baada ya muda mfupi wavulana walikuwa uwanjani saa za masomo, na wasichana walikuwa wameacha kuja kabisa. Goli lilisimama, lakini lengo lilianguka. Tuliporudi tulikaa na kamati, wazazi na walimu, tukaanza upya kwa kanuni tatu: asiyehudhuria darasani hachezi, wasichana wana siku zao, na mtu mzima anayeaminika, ikiwezekana mwanamke katika siku za wasichana, awepo hadi mtoto wa mwisho aondoke, kabla ya giza.

Kamati ifanye nini?

Uwanja kamili ni meta 28 kwa 15, lakini nusu yake na goli moja vinatosha kuanzia. Udongo wa kichuguu ukilowanishwa na kushindiliwa vizuri hudundisha mpira. Ringi iwe meta 3.05 kutoka ardhini, na nguzo isimame nje ya mstari ili watoto wasiigonge. Wavulana hutumia mpira namba 7, wasichana namba 6. Maji ya kunywa yawepo.

James Naismith alipobuni mchezo huu mwaka 1891, katika chuo cha YMCA huko Springfield, Marekani, alitundika vikapu vya matunda tu. Nia yake ilikuwa vijana wafanye mazoezi bila kuumizana. Wengi wa watoto wetu hawatafika NBA. Lakini aliyemaliza kidato cha 4 akiwa na afya, nidhamu na marafiki wema tayari amefanikiwa.

Kamati, tunaomba jina la msimamizi litangulie ombi la goli.