Nakala Isilale Nyumba Moja na Asili Yake

Tarehe 26 Septemba, 2025, Serikali ya Korea ya Kusini ilipatwa na msiba ambao wakuu wa idara za visiwani mwetu wangefanya vyema kuutia maanani. Betri zilizokuwa zikihamishwa katika kituo cha kompyuta za Serikali mjini Daejeon zilishika moto, na moto huo ukaiteketeza hazina ya nyaraka za watumishi wa umma iliyoitwa G-Drive. Zilipotea terabaiti 858 za kazi ya miaka. Hapakuwa na nakala yoyote nje ya kituo, na sababu iliyotolewa ni kwamba hazina hiyo ilikuwa kubwa mno kuweza kunakiliwa.

Sababu hiyo haituridhishi, wala hatudhani iliwaridhisha watumishi waliopoteza majalada yao.

Kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi, 2021, jengo moja la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua kabisa. Miongoni mwa wateja wake wamo waliokuwa na nakala, lakini nakala zenyewe zilikuwa katika mashine za eneo lile lile, zikaungua pamoja na asili.

Mambo haya yanatugusa. Karani wa Wete anayeandika hati ya kiwanja au malipo ya mstaafu katika seva iliyo Unguja, Dar es Salaam au Ulaya, haioni mashine hiyo, na aghalabu hajui kama ina mwenzake. Nasi tunaijua bahari. Mwaka 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mzima bila umeme wa gridi, na tangu Desemba 2009 ikakaa gizani kwa kiasi cha miezi mitatu. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolala chini ya bahari ya Afrika Mashariki zilikatika, na intaneti ya Tanzania nzima ikazorota. Kwa hiyo hatuna budi kuwa na nakala mbili: moja ng'ambo ya maji, ili msiba wa kisiwani usiifikie; na nyingine hapa hapa visiwani, ili ofisi isome kumbukumbu zake hata waya ukikatika.

Wapo watakaosema kwamba mtandao wetu hauwezi mzigo huo. Kwa nakala ya kwanza wana haki. Terabaiti mbili kupitia njia ya megabiti kumi kwa sekunde zitachukua siku 18 na ushei, usiku na mchana. Lakini diski yenye uzito huo huenea mkobani, na boti itokayo Malindi hufika Mkoani siku ile ile. Nakala ya kwanza na ivuke kwa boti. Baada ya hapo husafirishwa yale tu yaliyobadilika, kazi ambayo programu ya rsync, iliyotungwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996, huifanya bila malipo. Hulinganisha faili la huku na la kule, kisha ikatuma vipande vilivyotofautiana tu. Mabadiliko ya siku nzima ya ofisi ya wilaya huweza kuvuka usiku mmoja.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Mashine ya akiba ndiyo iende kuchukua, isiletewe. Seva ikipewa ruhusa ya kuandika na kufuta katika mashine ya akiba, basi mwizi atakayeiingia seva hiyo atafuta vyote viwili. Tena nakala za tarehe mbalimbali zitunzwe, kwani kosa la leo likinakiliwa usiku huu juu ya nakala ya jana, hakuna kilichookolewa.

Nakala isiyowahi kurejeshwa, nayo, si ya kutegemewa. Tarehe 31 Januari, 2017, mtumishi wa kampuni ya GitLab, akiwa kazini usiku, alifuta data katika seva isiyokusudiwa. Kampuni ilikuwa na njia tano za kujihifadhi. Hapana hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ilivyotarajiwa. Iliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita kabla kwa shughuli nyingine. Tungependa kila idara ichague siku moja katika kila robo ya mwaka, irejeshe kumbukumbu zake katika mashine tupu, na mkuu wa idara azisome mwenyewe.

Umebaki ufunguo. Nakala zinazovuka bahari yafaa zifungwe kwa maandishi ya siri, nao ufunguo mara nyingi huachwa ndani ya seva ile ile inayohofiwa kuungua. Uandikwe karatasini, utiwe katika bahasha mbili zenye lakiri, moja kasha la chuma la Unguja na ya pili la Pemba. Na Katibu Mkuu ayajue majina ya wanaoruhusiwa kuzifungua kabla hawajahamishwa kituo.