Kinachokufa kwa Moto na Kisichokufa

Mvua za masika zikishanyesha Nairobi, kila kipande cha udongo kisicho na lami huota kitu: terere chini ya ukuta wa gereji, saga kando ya reli, managu kwenye kingo za mto. Mama anayelala nje na wanawe hahitaji kuambiwa kuwa hizo ni mboga. Alizichuma na nyanya yake shambani kabla hajaujua mji. Huchuma, huosha, hutia kwenye kopo, huwasha moto wa mbao alizookota.

Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu zaidi ya 46,000 nchini Kenya, karibu theluthi yao wakiwa Nairobi. Atakayetaka kuwafundisha kujisaidia kwa mimea ya mjini asianze na majina, maana mengi wanayajua. Aanze na hilo kopo lililo motoni, aulize: humo ndani kuna nini kinachokufa kwa moto, na nini kisichokufa?

Vijidudu hufa. Bakteria wa kipindupindu, wa homa ya matumbo, mayai ya minyoo: maji yakitokota sawasawa, wamekwisha. Hapo elimu ya nyanya inatosha.

Sumu ya mnanaha haifi. Mmea huu hupenda majalala na udongo uliochimbuliwa, palepale managu yanapoota, tena ni wa ukoo mmoja nayo, ukoo wa nyanya na bilinganya. Ukichanua haukupotezi: ua refu kama tarumbeta, tunda lenye miiba, jani ambalo ukilifikicha linanuka vibaya. Managu yana vijiua vyeupe vyenye kitovu cha manjano na vitunda vya mviringo kwenye kishada. Taabu ni miche michanga, kabla ya ua. Atropini na skopolamini zilizomo kwenye mnanaha hustahimili kuchemshwa. Mlaji hukaukwa na kinywa, mboni zikapanuka, moyo ukaenda mbio, akili ikavurugika. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, mamia ya watu waliugua na baadhi yao wakafa baada ya kula unga wa msaada ulioingiwa na sumu za aina hiyo. Basi kanuni ni fupi: mche usio na ua wala tunda, kama huna hakika nao, uache.

Madini ya risasi nayo hayafi, kwa kuwa hayakuwahi kuwa hai. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006, lakini iliyokwisha kutua kando ya barabara haiozi. Betri kuukuu na rangi zinazobanduka huongeza nyingine. Ubaya wake uliwapata wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kuosha mboga huondoa vumbi lililoshika jani, na hiyo ni faida kubwa. Kilichopanda kwa mizizi hakioshwi, na supu ikikauka motoni hubaki kwenye kopo. Shambani nyanya aliuliza, "Umechuma nini?" Mjini ni lazima tuulize pia, "Umechuma wapi?"

Kuni zikikosekana kuna jua, lenye nguvu na mipaka ileile. Chupa za plastiki ambazo vijana wa mitaani huziokota na kuziuza kwa kilo zinaweza kusafisha maji. Chagua iliyo angavu, isiyo na rangi, ya lita 1 au 2. Ijaze, isimamishe juu ya gazeti, chungulia kutoka mdomoni hadi chini: ukiweza kusoma kichwa cha habari, maji ni maangavu ya kutosha. Ilaze juani saa 6. Julai, mawingu yakitanda, iache siku 2. Mionzi ya urujuanimno ikishirikiana na joto huua vijidudu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, watoto wa Kimaasai nchini Kenya waliokunywa maji yaliyoanikwa hivyo waliharisha kidogo kuliko wenzao. Lakini jua haliondoi risasi wala kemikali za viwandani. Kinga maji ya mvua; ya Mto Nairobi yaache yapite.

Mwalimu mkweli atamalizia kwa hesabu. Gramu 100 za mchicha mbichi zina kilokalori 23 hivi. Mtu mzima anayehitaji 2,000 kwa siku angelazimika kula kilo 8 na ushei. Mboga humpa chuma na vitamini A na C, na mtoto wa barabarani anazihitaji mno. Nguvu za kuzunguka kutwa akisaka chupa atazipata kwenye ugali, na ugali hauoti chini ya ukuta wa gereji.