Fahamu: Umeachishwa kazi ghafla? Hesabu siku 30

Barua ya kuachishwa kazi ikikufikia, usikimbilie kusaini usichokielewa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28, au malipo badala yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati.

Wengi hukwama kwenye muda. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Ahadi za “njoo wiki ijayo” hazisimamishi kalenda. Dai pia cheti cha utumishi.